Dumu la Ujirani Mwema

Bwana afya hakumpiga Naisenya, wala hakumtukana. Alikichukua tu kibuyu mikononi mwake, akakinusa mdomoni, akakunja uso, kisha akakipindua. Maziwa yakamwagika kwenye vumbi la stendi ya Korogwe, yakajitafutia njia kati ya maganda ya machungwa, yakaishia chini ya tairi la basi la Lushoto. Mbwa aliyekuwa amelala kivulini akaamka na kuyafuata.

"Nimekwambia mara ngapi, mama? Kibuyu marufuku. Hapa ni mjini."

"Ni kisafi, baba. Nimekifukiza jana kwa mti wetu ule ule."

"Huko kufukiza ndiko uchafu wenyewe. Masizi tupu humo ndani. Watu wanalalamika, maziwa yananuka moshi. Nataka chombo cha plastiki, chenye mfuniko wa kukaza. Siku nyingine nikikukuta na hiki nakipasua."

Alimrudishia kibuyu kitupu, akajifuta vidole kwenye karatasi aliyoitoa mfukoni. Wanawake wengine waliokuja na maziwa kutoka vijiji vya barabara ya Handeni walikuwa wameshaficha vibuyu vyao chini ya khanga na kugeuka kama watu wasiohusika. Naisenya hakuwalaumu. Wiki iliyopita alimwagiwa mwenzake, na yeye pia aligeuka.

Ng'ambo ya stendi, mlangoni mwa duka la pembejeo, Rizwana alikuwa ameona yote. Akampungia mkono.

"Mama Taiyo, njoo ukae. Njoo unywe chai."

Rizwana alikuwa mke wa Akber, mwenye duka. Tangu masika ya mwaka juzi alikuwa akinunua maziwa ya Naisenya kila siku basi lilipofika, na mazoea yao yalianzia kwa watoto: Taiyo wa Naisenya na Zehra wa Rizwana walizaliwa mvua moja. Zehra mwenyewe alikuwa amekaa juu ya magunia ya mbegu, akining'iniza miguu, akimwuliza Naisenya kama ndama mweupe ameota pembe.

"Bado," Naisenya alisema. "Zinawasha tu kwa sasa. Anajikuna kwenye nguzo."

"Mimi moshi haunisumbui," Rizwana alisema, akimmiminia chai ya rangi kwa kuwa maziwa hayakuwapo. "Huyu ndiye anaupenda hasa. Ya kiwandani hanywi. Lakini bwana afya akishashika neno, haachi. Tafuta dumu, mama. Dumu tu, yaishe."

Naisenya aliitikia. Njia nzima ya kurudi Misima, akiwa amepakata kibuyu kitupu, aliwaza dumu atalitoa wapi mwaka ule ambao hata sukari nyumbani kwake ilikuwa imegeuka kitu cha wagonjwa.

*

Zamani shamba kubwa la Misima lilikuwa la serikali. Lilikuwa shamba kwa jina. Matrekta yaliozea humo, mahindi yalipandwa mwaka huu na kusahauliwa mwaka ujao, na ng'ombe wa akina Parit, mume wa Naisenya, waliingia na kutoka wapendavyo, kwa kuwa lambo la maji lilikuwa katikati yake. Halafu serikali ikatangaza kwamba biashara si kazi yake tena. Shamba likauzwa. Waliokuja kulinunua walikuwa na jina refu la kizungu lililoandikwa kwenye milango ya magari, lakini Misima nzima iliwaita Kampuni, ikatosha.

Kampuni ilizungusha waya, na lambo likabaki ndani ya waya. Ikapanda mahindi ya mbegu, mistari imenyooka kama imepigwa rula, na mahindi yale yalipuliziwa dawa tangu yakiwa na majani mawili hadi yalipotoa ndevu. Wazigua wa kijijini walipewa mbegu hiyo wajaribu. Mwaka wa kwanza walivuna hadi wakakosa pa kuweka. Mwaka wa pili wakapanda walizojiwekea, kama baba zao walivyofanya, yakaota mahindi mafupi yenye magunzi yasiyo na punje. Walipokwenda kulalamika waliambiwa mbegu ile ni ya msimu mmoja. Kila msimu mtu arudi kununua mpya, pamoja na dawa yake.

Wafugaji hawakuwa na mbegu ya kulalamikia. Wao walikuwa na mtaro. Maji ya mvua yalitoka shambani kwa Kampuni kupitia mtaro mmoja hadi mbugani, na tangu lambo lifungwe ng'ombe walikunywa humo. Mitamba ikaanza kutupa mimba. Dume zuri la Nkoitiko, kaka yake Parit, lilianguka likitetemeka, mate yakilitoka kama povu la sabuni, likafa kabla jua halijasimama. Wakakatazwa kula nyama yake. Hakuna aliyewaambia ni kwa nini.

Ndipo ulipoitishwa mkutano katika uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Semdoe, aliufungua kwa kuwasihi watu watumie lugha nzuri mbele ya wageni. Mgeni alikuwa mmoja tu, tena hakuwa mgeni: Mwinjuma, aliyekuwa bwana shamba wa serikali kwa miaka mingi, mtu wa kupita na baiskeli akiwafundisha watu kupanda kwa nafasi. Serikali ilipopunguza wafanyakazi alirudishwa nyumbani. Sasa alikuja na gari la Kampuni, amevaa kofia ya Kampuni, na sauti yake ilikuwa ile ile ya upole.

Nkoitiko alisimama akasema habari za dume lake. Alisema kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kujitetea kwamba hakusikia.

"Kampuni imesikia kilio," Mwinjuma alijibu. "Na haijanyamaza. Kwanza, itavuta bomba la maji hadi kwenye maboma yenu. Maji safi, ya ng'ombe na ya watu. Pili, kwa ajili ya ujirani mwema, leo hii kila kaya itaondoka hapa na dumu."

Akafungua nyuma ya gari. Madumu yalikuwa ya bluu, manene, yenye mifuniko ya kukaza. Karatasi zake zilikuwa zimebanduliwa. Ubavuni palibaki gundi iliyokamata vumbi. Watu walisogea. Hata waliokuja na hasira walisogea, maana dumu ni dumu.

"Yameoshwa?" Parit aliuliza.

"Yameoshwa."

Mwinjuma aliwagawia mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi zawadi ya harusi. Naisenya alipolipokea lake alisema, "Mungu akuzidishie, baba," na alisema kwa moyo wake wote. Lilikuwa ndilo dumu ambalo bwana afya alilitaka.

*

Aliliosha kwa majivu. Aliliosha kwa mchanga na maji ya moto, akalitikisa hadi mabega yakamuuma, akamwaga, akalinusa. Lilikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu. Akarudia. Akaliacha juani mdomo wazi, na lilipokauka akapeleka pua tena. Harufu ilikuwa imekwisha. Mama mkwe wake, Kiseyian, aliyekuwa akimtazama kutoka mlangoni, alicheka.

"Unaliosha kama mtoto mchanga."

"Watu wa mjini, yeyo. Wanataka usafi."

Asubuhi alikamua mapema. Maziwa ya watoto yalikwenda kwenye vibuyu kama siku zote. Taiyo hakuwahi kunywa chombo kingine, na Kiseyian hakuwahi kusikia kwamba maziwa yanaweza kukaa ndani ya plastiki. Ya mjini akayatia ndani ya dumu la bluu na kukaza mfuniko. Ndani ya basi alilipakata. Barabara ya Misima hadi Korogwe ilikuwa na mashimo ya masika mawili, na maziwa yalipiga kelele njia nzima, yakipanda na kushuka, hadi kondakta akamtania kwamba atashuka na siagi.

Bwana afya alilitazama dumu, akaligonga kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. "Umeona sasa? Maendeleo hayo."

Kama kawaida alianzia kwa Rizwana. Zehra alishakuja mbio na kikombe chake cha bati. Mtoto yule hakuwa na subira ya kusubiri yachemke. Alipenda ya juu juu, yenye povu, yakiwa bado na joto la ng'ombe. Naisenya akampimia, akamshikia kikombe kwa chini ili asijimwagie gauni.

"Leo hayana moshi," Zehra alisema. Alikunja uso kidogo. Lakini alimaliza.

Rizwana alipimiwa yake, akayapeleka jikoni. Naisenya akavuka kwenda kwa mama mmoja wa hoteli aliyechukua yote yaliyobaki, kisha akakaa kwenye ngazi za stendi kusubiri basi la kurudi. Alikuwa na furaha. Hakuna mtu aliyemfokea tangu asubuhi.

Basi lilikuwa halijajaa alipomwona Rizwana akitoka dukani peku, hana mtandio, Zehra mikononi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala nyuma. Mdomo ulitoka mate mengi meupe, na miguu ilitetemeka kama ya mtu anayelia usingizini. Naisenya aliyajua mate yale. Aliyaona kwenye mdomo wa dume la Nkoitiko.

Alikimbia na Rizwana hadi hospitali. Katikati ya njia alimpokea mtoto kwa sababu mikono ya Rizwana ilikuwa imelegea, na wakaingia hivyo, mwanamke wa Kimaasai akiwa na mtoto wa Kihindi kifuani, watu wakiwapisha. Nesi alimfunua Zehra jicho, akaona mboni imekuwa ndogo kama kichwa cha pini.

"Amekula nini? Haraka, mama, amekula nini?"

Rizwana alikuwa akiita jina la mtoto tu.

"Maziwa," Naisenya alisema. "Maziwa yangu."

Hakuna aliyemlazimisha kusema. Alidhani akisema mapema mtoto atapona.

Zehra alifariki kabla ya adhuhuri. Wateja wa ile hoteli waliletwa mmoja mmoja wakitapika, wao walipona. Polisi walipokuja, Naisenya alikuwa bado amekaa kwenye benchi la wodi, na ilibidi aonyeshwe kwa kidole, kwa kuwa hawakutegemea kumkuta hapo.

*

Taiyo alikuwa ameshaachishwa, lakini nyumbani kulikuwa na mdogo wake aliyenyonya bado. Mahabusu, matiti ya Naisenya yalijaa yakawa magumu kama mawe, akashikwa na homa. Mwanamke aliyeshitakiwa kwa kupika gongo ndiye aliyemkanda kwa kitambaa cha maji ya moto.

Wageni wake wa kwanza walikuja watatu: Mzee Semdoe, Mwinjuma, na Parit nyuma yao. Askari aliwaingiza ndani ya chumba cha wapelelezi na kuwapa viti, jambo ambalo ndugu za mahabusu wengine hawakulipata.

"Shikamoo, mzee," Naisenya alimwambia Semdoe.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Mwinjuma alivua kofia. "Mama Taiyo, polisi umewaambia nini kuhusu dumu?"

"Hawajaniuliza dumu. Wananiuliza maziwa."

Semdoe na Mwinjuma walitazamana.

"Wataliuliza," Mwinjuma alisema. "Wakiliuliza, sema ulilinunua mnadani."

"Lakini ulinipa wewe, baba. Mbele ya watu wote."

"Nilikupa la kazi za nyumbani. Sikukwambia utie maziwa."

"Hukuniambia nisitie."

Semdoe alivuta kiti mbele, akazungumza kama anavyozungumza baba mkwe anapotaka jambo limalizike ndani ya nyumba.

"Sikiliza, mwanangu. Mabomba yameshafika. Mtaro wa bomba umechimbwa, umepita shuleni, umefika karibu na boma la Nkoitiko. Wakubwa wa Kampuni wameshasikia haya, na wamesema wazi: likitajwa jina lao mahakamani, kazi inasimama, mabomba yanarudi kwenye gari. Kampuni haiwezi kuwasaidia watu wanaoishitaki. Sasa wewe pima. Ni wewe mmoja, na ni kijiji."

"Na madumu ya wengine? Wengine nao wanayo."

"Yamekusanywa," Semdoe alisema. "Siku ile ile. Limebaki lililoko polisi."

Naisenya alimgeukia mumewe, akamwuliza kwa Kimaasai: "Wewe unasemaje?"

Parit alikuwa akitazama ndara zake za tairi. Alikuwa mwanaume mrefu, na ndani ya chumba kile alionekana kama amekunjwa.

"Ng'ombe hawana pa kunywa, Naisenya."

"Nimeuliza wewe unasemaje."

"Ndiyo nasema."

Nje, mtu alikuwa akisukuma pikipiki iliyokataa kuwaka. Walimsikiliza hadi akakata tamaa.

"Ukisema mnadani, basi ni bahati mbaya," Mwinjuma aliendelea. "Umenunua chombo, hukujua. Hakimu atakuonya, utarudi kwa watoto. Na mimi mwenyewe nitakuwepo mahakamani."

"Utanisaidia?"

"Nitakuwepo."

Walipoinuka, Naisenya alimshika Mwinjuma mkono wa shati. Lilikuwepo swali lililomnyima usingizi kuliko kesi yenyewe.

"Baba, mimi nililiosha. Kwa majivu, kwa mchanga, kwa maji ya moto. Nililiosha hadi likaacha kunuka. Sumu ilitoka wapi?"

Mwinjuma alimtazama Semdoe, aliyekwisha fika mlangoni. Akateremsha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo wao.

"Mpini. Mpini wa dumu una uwazi ndani. Dawa hujibana humo. Hata uoshe vipi, huifikii. Chombo kikitikiswa safarini ndiyo inateremka."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nina watoto, mama. Serikali ilituondoa na baiskeli zetu tu. Hawa ndio walionichukua." Akavaa kofia. "Mnadani. Usisahau."

*

Mahakamani Naisenya alisema mnadani. Alilisema vizuri, bila kukwama, na mwendesha mashtaka alipolisikia aliandika, akaonekana kuridhika.

Bwana afya alitoa ushahidi kwamba alimwonya mshitakiwa mara nyingi kuhusu usafi wa vyombo, na kwamba jamii ile ina ugumu wa kupokea mafundisho. Nesi alieleza mboni za macho. Akber aliitwa, akasema jina la binti yake na umri wake, akaulizwa kama dumu lile limewahi kuuzwa dukani kwake. Akasema hapana, halijawahi. Hakuulizwa zaidi. Aliposhuka kizimbani alikuwa anapepesa macho kama mtu aliyetoka gizani.

Kisha akaitwa Mwinjuma. Naisenya aliinua uso. Alikuwa amekuja kweli, kama alivyoahidi, na shati limenyooshwa. Aliapishwa kama mtaalamu, shahidi wa upande wa mashtaka.

"Madumu ya dawa hizi hutobolewa na kufukiwa," Mwinjuma alisema. "Huo ndio utaratibu. Na kila dumu lina karatasi yenye picha ya fuvu la mtu. Hata asiyejua kusoma anaielewa."

Hakimu alilizungusha dumu la bluu mezani pake kwa ncha ya kalamu. "Hili halina karatasi."

"Huenda aliyeliuza aliibandua, mheshimiwa. Au aliyelinunua."

Naisenya aliinua mkono. Hakujua anataka kusema nini. Mkono ulikwenda wenyewe. Aliwatafuta watu wake kwenye mabenchi. Mzee Semdoe alikuwa amekaza macho kwake na kutikisa kichwa taratibu, mara moja. Kando yake Parit alikuwa ameinama. Mkono ukashuka.

Mwendesha mashtaka akasimama kumhoji.

"Asubuhi ile watoto wako walikunywa maziwa?"

"Walikunywa."

"Ya ng'ombe hao hao?"

"Hao hao."

"Kuna aliyeugua?"

"Hapana."

"Hakuna hata mmoja. Walikunywa kutoka kwenye dumu hili?"

"Hapana. Kutoka kwenye kibuyu."

"Kwa nini kibuyu?"

Naisenya aliona swali ni jepesi, akalijibu kwa wepesi. "Kibuyu ni cha nyumbani. Dumu ni la mjini."

Mnong'ono ulipita chumbani. Mtu nyuma alisema "Lo!" kwa sauti. Hapo ndipo alipoelewa maneno yake yalivyosikika, akataka kuyarudisha, akataka kueleza stendi na maziwa yaliyomwagwa na amri ya plastiki.

"Mheshimiwa, ni bwana afya aliyesema..."

"Jibu ulichoulizwa," hakimu alisema. "Umeshajibu."

"Hivyo watoto wako uliwapa kibuyu," mwendesha mashtaka alisema, akikaa, "na wa wenzio ukawapa dumu. Sina swali jingine."

Hukumu ilisomwa siku hiyo hiyo. Hakimu alisema mahakama inakubali kwamba mshitakiwa hakukusudia kuua, lakini alinunua chombo asichokijua, kwa mtu asiyemjua, akakitia chakula cha watu, huku akiwakinga watoto wake mwenyewe. Uzembe wa namna hiyo hauwezi kuachwa wakati ambapo nchi inafungua milango kwa kilimo cha kisasa. Akaishukuru Kampuni kwa kumtoa mtaalamu wake kuisaidia mahakama. Miaka mitano. Naisenya alimtazama karani, akidhani kuna sehemu iliyobaki, sehemu ya kuonywa na kurudi nyumbani. Karani alikuwa anafunga faili.

Uani, karandinga lilikuwa limeegeshwa juani mlango wazi. Askari wa kike alimshika kiwiko, lakini Rizwana alikuwa amesimama njiani, amevaa nguo nyeusi, na askari alisita kumsukuma mfiwa.

"Mama Taiyo," Rizwana alisema.

Alikuwa bado anamwita hivyo.

"Mimi sikuja kukulaani. Nilikuona ulivyombeba mwanangu. Nataka kitu kimoja tu. Baba Zehra anauza dawa za hao watu tangu walipofika. Anasema madumu ya bluu namna ile hayajawahi kuonekana mnadani, wala dukani kwa mtu yeyote. Yanatoka shambani kwao tu. Nilimwomba aseme hivyo ndani, hakusema. Anaogopa watamnyima mzigo." Akamsogelea. "Niambie wewe. Nani alikupa?"

Nyuma yake, karibu na ukuta, walisimama Mzee Semdoe na Parit. Mwinjuma alikuwa ameegemea gari la Kampuni, funguo mkononi, na alikuwa ameacha kuzichezea. Naisenya aliwaona ng'ombe wakisukumana kwenye waya, ndimi nje, lambo likimetameta upande wa pili. Aliuona mtaro wa bomba uliochimbwa, umefika karibu na boma la Nkoitiko, mtupu. Akawaona wanawake wa bomani watakavyomtazama Kiseyian mabomba yakirudi kwenye gari.

"Nililinunua mnadani, mama Zehra."

Rizwana alitikisa kichwa.

"Mnada upi?"

Minada yote aliyoijua ilimtoka Naisenya kichwani, Misima, Kwamatuku, Sindeni, kama majina ya watu waliokufa.

"Mnada upi, mama? Siku gani? Alikuuzia nani?"

"Twende, twende," askari alisema, na safari hii akasukuma.

Mlango ulifungwa. Kwa ndani kulikuwa na kidirisha cha nondo, na Naisenya akashikilia nondo kwa mikono miwili ili aweze kusimama. Rizwana alikuwa bado pale pale katikati ya ua, akiuliza. Mdomo ulionekana ukicheza, lakini injini ilikuwa imewaka. Mwinjuma alimsogelea. Alivua kofia, akainamisha kichwa, akamwambia maneno fulani, bila shaka ya pole, kisha akamwita Akber aje. Jua lilikuwa kali na nyumbani kwao kulikuwa mbali kidogo kwa mtu aliyekosa nguvu. Mwinjuma akafungua mlango wa gari la Kampuni, akakifuta kiti vumbi kwa kiganja, akamshika Rizwana mkono kwa heshima zote, na kumsaidia kupanda.